Zimwi Lililolamba Mbeleko

Siku hiyo, wanangu, walikuwapo Nakiete, kichanga chake Mkunde, na zimwi la mlimani. Upande huu wa mlima hapakuwa na wa nne.

Mkunde alikohoa, na dawa ilikuwa kwa bibi yake, ng'ambo ya mlima. Mvua ilikaribia, na mbeleko ya ngozi ilikuwa inavuja. Nakiete akaipaka mafuta ya kondoo, akaianika juani ili yapenye, akaingia ndani kunyonyesha. Kutoka, imelambwa! Akapaka tena, ikalambwa tena. Mara ya tatu akachanganya mafuta na nta, akapaka, akavizia mlangoni.

Zimwi likaja likalamba. Nta ikaligandisha meno.

"Mlafi wee!" Nakiete akafoka huku analia. "Mwanangu alowe kwa ajili yako?"

"Si ulafi, dada," zimwi likasema kwa shida, meno yameshikana. "Midomo imepasuka, inauma."

Kweli, ilikuwa inatoka damu.

"Sasa si ungeomba?"

"Nani humpa zimwi?"

Nakiete akasonya. Kisha akakomba mafuta ya mwisho chunguni, akalipaka midomoni taratibu.

Mvua ikashuka. Zimwi likawafunika kwa viganja vyake hadi kwa bibi.

Masika yale Mkunde hakukohoa tena.