Sinia Lililorudi Limefunikwa

Asemaye hapana watu hurudi na posa yake. Methali hii ilianza hivi, na wewe Fumo sikiliza vizuri, maana ndiwe uliyemjibu mgeni sasa hivi kwamba nyumbani hakuna watu, ni akina mama tu. Nami bibi yako nimekaa hapa hapa na umri wangu wote huu.

Alikuwapo mzee mmoja, Mbwana Chande, mshenga mwenye jina. Mpwa wake Sadi alimpenda Tatu, yatima aliyelelewa na bibi yake, Bi Mize. Kijana hata chakula kilikuwa hakipiti, akingoja posa ipelekwe. Chande akachukua sinia la posa, akaenda na mwenzake.

Akapiga hodi. Ukumbini walikuwamo Bi Mize na mashangazi wa Tatu, wanasuka ukili wa mikeka. Chande alichungulia, akamwambia mwenzake, "Hapana watu humu, ni akina mama tu. Tungoje barazani." Hata salamu hakutoa. Haya, wakangoja. Wale mama hawakununa, wakampelekea maji na kahawa, naye akanywa huku akitazama njiani.

Jua likainama, akachoka. Akamwita Bi Mize. "Mama, watu wa nyumba hii watarudi saa ngapi?"

"Watu gani, baba?"

"Wa kupokea posa."

"Mtoto huyu nimemlea mimi na hawa wanangu. Neno lake liko kwetu. Lakini umesema mwenyewe hapa hapana watu. Sasa posa utampa nani?"

Chande alitaka kusema ni mazoea ya mdomo tu, akainuka aende zake. Aibu ilimshika hata viatu akavivaa kushoto kulia. Akabeba sinia lake, limefunikwa vilevile, akapita nalo katikati ya mji watu wakimtazama.

Sadi alikuwa mlangoni. "Wamesemaje, mjomba?"

"Sikumkuta mtu," akaanza, kisha akaketi chini, akalia mbele ya mpwa wake. "Naongopa, mwanangu. Niliwakuta wote. Mimi ndiye sikuwasalimu."

Ijumaa alirudi kuomba radhi, akamwamkia kila mmoja kwa jina lake. Bi Mize alimsamehe, akamkaribisha ukumbini. Ila Tatu alikwishaposwa juzi yake, na watu walioanza kwa salamu.

Sadi alioa kwingine, baadaye sana, na mjomba wake hakutumwa.

Basi inuka, Fumo, umkimbilie yule mgeni kabla hajafika mbali, umwambie watu tupo. Asemaye hapana watu hurudi na posa yake.