Zuhair na Nyota Iliyo Peke Yake

Wamesimulia wema waliotutangulia kwamba katika jangwa la Waarabu aliishi dalili, yaani mwonyesha njia wa misafara, mcha Mungu, jina lake Zuhair bin Rabah. Kila jioni, akishaswali magharibi, aliingoja nyota moja ichomoze mashariki. Haikuwa kali sana. Rangi yake ilikuwa nyekundu kama ya chungwa lililoiva, wala haikuwa na jirani. Waarabu waliiita Al-Fard, yaani iliyo peke yake. Wengine waliiita Shingo ya Nyoka. Zuhair alilaza mkuki wake mchangani, ncha ikiielekea, na alfajiri msafara ulifuata ncha ile.

Desturi yao ilikuwa nzito: dalili akikosea nyota, mkuki wake huvunjwa mbele ya watu, wala haongozi tena maishani mwake.

Katika safari moja vumbi lilitanda jioni mbili mfululizo. Mashariki ilionekana nyota moja tu nyekundu, naye akaulaza mkuki. Jioni ya tatu vumbi likatua, na Zuhair akaona nyekundu mbili. Iliyokuwa upande wa kusini ndiyo Al-Fard. Ile aliyoifuata ilikuwa Mirihi, sayari isiyo na makao. Msafara ulikuwa umepotea kaskazini.

Wakati uleule kiongozi wa msafara, Sheikh Maysara, alikuwa akitangaza kwa furaha: "Kisima ni kesho adhuhuri, inshallah! Fungueni viriba, kila mtu anywe ashibe, na ngamia wanyweshwe!"

Rafiki yake Zuhair, Tulaib, aliuona uso wa mwenzake ukibadilika, akaelewa. Akanong'ona, "Geuza mkuki kidogo tu, ndugu yangu. Hawa hawatofautishi Al-Fard na jicho la ngamia. Nani atajua?"

"Aliyeziumba zote mbili," akajibu Zuhair. "Na maji haya yakiisha leo, tutazika watoto njiani."

Akapaza sauti: "Enyi watu, fungeni viriba! Nimekosea nyota. Kisima kiko mbali, lakini tukiyabana maji haya, tutafika."

Maysara akafoka, "Siku mbili unatupoteza, ewe Zuhair, ndiyo kwanza unatuambia!"

Bibi Lubaba, mjane aliyempakata mwanawe mchanga, akasema, "Taratibu, ya Sheikh. Hasira nayo inakausha koo."

Watu wakacheka kicheko kichungu, wakavifunga viriba.

Waligeukia kusini, wakawa wakinywa kwa funda. Ulimi wa Maysara ukavimba hata asiweze kufoka. Walipokifikia kisima, kiriba cha mwisho kilikuwa na unyevu tu. Lakini mwana wa Lubaba alikuwa hai, akilia kwa nguvu.

Walipokwisha kunywa na kumshukuru Mola, Zuhair alimletea Maysara mkuki wake bila kuitwa. Maysara, maji yakimdondoka ndevuni, akasita.

"Siwezi, ndugu yangu. Umetuokoa."

"Nimewaokoa na kosa langu mwenyewe, ya Sheikh. Desturi hii ni amana ya wasafiri wote. Vunja."

Maysara akauvunja gotini, huku akilia. Zuhair hakuongoza msafara tena. Alibaki kisimani pale akiwatekea maji wapita njia, hadi Mola alipomchukua, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ewe ndugu mwamini, lau Zuhair angesubiri mpaka asubuhi, maneno yake yangekuwa ya kweli vilevile, lakini yasingemnywesha mtu. Basi tukikosea, tuseme maji yangali viribani.