Wapangaji Waliopaka Chokaa

Mwanamke mmoja aliishi miaka ishirini na sita katika chumba kimoja cha kupanga. Jina lake Siwema. Chumba chenyewe kilikuwa cha tatu mkono wa kushoto, katika nyumba ya zile mnazozijua: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani jiko na bomba na choo, mbele baraza ya saruji. Hakuwa na kiwanja. Hakuwa na shamba kwao alikozaliwa, kwa kuwa ndugu zake waliligawana yeye akiwa mjini. Mume wake alikufa mwaka wa nane, na maiti ilitolewa kwa kupitia ukumbi ule ule, ikiwa imebebwa na wanaume wa vyumba vile vitano. Tangu siku ile Siwema akisema “nyumbani” hakuwa na maana mbili.

Mimi nimepanga katika miji saba ya nchi nne, na kote nimeondoka kwa adabu kabla sijaondolewa bila adabu. Kwa hiyo msidhani nasimulia kama mtu mwenye hati ya kiwanja mfukoni. Nasimulia kama mtu anayeitambua hodi ya mwenye nyumba hata akiwa bafuni na sabuni masikioni.

Mtaa ule ulikuwa bondeni. Masika yakija, maji ya mitaa yote ya juu yaliteremkia kwao. Kila aliyekuwa na pa kwenda alikwenda, wakabaki wasio na pa kwenda. Maji yaliingia ukumbini, yakapanda mpaka magotini, na yalipotoka yaliacha ukutani mstari wa tope ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Watu wa mjini waliutaja mtaa huo kwa kucheka. Dereva wa teksi akiambiwa aende huko, alisema ataishia barabara kuu, aliyebaki na safari aimalizie kwa miguu yake.

Masika ya mwaka mmoja maji yalimchukua mtoto wa chumba cha pili, wa miaka minne. Alikutwa mtoni siku ya tatu.

Matanga yalipokwisha, fundi viatu wa chumba cha kwanza, mzee wa Tukuyu aitwaye Mwakitalu, alichukua jembe bila kusema na mtu, akaanza kuchimba mtaro mbele ya baraza. Siwema akamfuata na karai. Jumamosi iliyofuata walikuwa kumi na mmoja. Ukawa msaragambo wa mtaa mzima, nyumba kwa nyumba: wenye nguvu walichimba, wengine walizoa udongo, wenye migongo mibovu walipika uji na kutoa ushauri, na ushauri ulikuwa mwingi kuliko uji. Ofisi ya serikali ya mtaa haikuwasaidia. Ilimtuma mtu mara moja kuuliza kibali kiko wapi. Akakaribishwa uji, akanywa, akasahau alichofuata. Walichimba viangazi vitatu, mpaka mtaro ukafika mtoni.

Masika ya mwaka wa nne maji yalipita nje. Watu walisimama barazani wakiyatazama yanavyokwenda zake, kama wanaotazama msafara wa harusi ya watu wasiowajua. Hakuna aliyeshangilia. Mama wa yule mtoto alitazama mpaka mvua ikakatika, kisha akaingia ndani.

Baada ya hapo mtaa ulibadilika kidogo kidogo, kama mgonjwa anayeanza kula. Walipanda miarobaini kando ya mtaro. Palifunguliwa genge la mboga, halafu la pili. Teksi zikaanza kuingia mpaka mlangoni. Siwema aliona hayo yote akadhani ndiyo malipo yao.

Kisha mwenye nyumba akafa. Aliitwa Bi Kidawa, na maisha yake yote hakumtoa mpangaji hata mmoja. Aliacha watoto watatu, kila mmoja na mji wake, na nyumba haikatwi vipande vitatu kama keki. Wakapiga simu: Jumapili anakuja mgeni kuiangalia nyumba, mumpokee, sisi hatutaweza kufika.

Wapangaji wakakaa uani. Walijua maana ya kuiangalia nyumba; hawakuwa watoto. Lakini Siwema aliwaambia jambo ambalo kila mmoja wao alitaka kulisikia.

“Akiona tunavyoitunza, hatatutoa,” alisema. “Nani anamtoa mtu anayemfagilia uwanja wake?”

Hoja hiyo ilionekana nzuri. Nami ningekuwepo ningeiunga mkono, tena kwa sauti. Wakagawana zamu. Wawili wakasugua choo, wawili wakaziba nyufa za baraza, mmoja akanyoosha mlango uliokuwa umeinama tangu siku za mume wa Siwema. Siwema akachukua ndoo, akakoroga chokaa, akaingia ukumbini. Pale ukutani mstari wa tope ulikuwa bado. Hawakuwa wameupaka kwa miaka hiyo yote, wala hawakuwahi kusemezana kwa nini.

Mwakitalu alimwona akiinama. Akaja na misumari yake midogo bado iko midomoni.

“Dada Siwema, uache huo mstari. Mgeni auone.”

“Mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba, mzee.”

“Aibu gani? Hilo tope ndilo limetulinda hapa. Siku wenye viatu vya kung'aa wakijua huku ni kukavu, mimi na wewe tutakutana stendi na magodoro kichwani.”

“Wenye viatu vya kung'aa,” Siwema alisema. “Na nani anavipiga rangi kila siku, kama si wewe?”

Watu wakacheka. Mwakitalu naye akacheka, misumari ikamwagika, ikabidi aiokote mmoja mmoja. Alipomaliza kuiokota alimkuta Siwema ameshika kiuno, amepaka nusu ukuta. Hakuweza kumtazama mwanamke wa rika lake akiinama vile peke yake. Akachukua brashi ya pili. Mama wa yule mtoto alitoka akaenda kukaa kwa jirani mpaka chokaa ikakauka.

Mgeni alikuja saa nne asubuhi. Ingekuwa heri angekuwa mtu mbaya. Kisa changu kingekuwa kifupi, na sote tungekwenda nyumbani tukiwa tumemchukia. Alivua viatu mlangoni. Aliwasalimia wakubwa shikamoo. Alipotandikiwa mkeka alikaa chini na suruali yake ya pasi kali, akala mihogo ya nazi na samaki, akaongezwa, akala tena. Alizungushwa vyumba vyote sita. Kisha akanawa, akasema kwa upole:

“Mama zangu, baba zangu, nisiwafiche. Nimeambiwa masika huku maji yanaingia ndani. Nimekuja kwa sababu niliahidi kuja, lakini moyo wangu haupo hapa. Nitatafuta kwingine.”

Pakawa kimya.

Angalieni kimya hicho, ndugu zangu, maana nyumba yote ilikuwa imesimama juu yake. Mwakitalu alimtazama Siwema. Mama wa yule mtoto aliutazama ukuta mweupe. Ilitosha mtu mmoja aseme ni kweli, au wote wasiseme kitu, na yule bwana angevaa viatu vyake akaenda zake na shibe yake.

Lakini mtu alikuwa amepasema vibaya mahali pake Siwema, na amepasema akiwa juu ya mkeka wake. Siwema akainuka.

“Maji hayaingii, baba,” alisema. “Mtaro tuliuchimba kwa mikono yetu. Njoo nikuonyeshe.”

Akamtembeza mtaro wote, kutoka barazani mpaka mtoni. Alimwonyesha kila hatua na aliyeichimba. Hapa alichimba fulani, alikuwa na kifua, hayupo tena. Hili jiwe lilituweka siku kumi na moja. Hapa ukuta ulianguka mara mbili, tukaujenga mara ya tatu kwa mawe ya mtoni. Alimwonyesha miarobaini. Alimwambia maji ya bomba yanatoka kila siku, wezi hawapo, watoto wakicheza nje kila mama ni mama yao. Yote yalikuwa kweli. Yule bwana alisikiliza, mara akisimama, mara akipima kwa macho kutoka nyumba hii mpaka ile.

“Mmefanya kazi kubwa sana, mama,” alisema.

Siwema alirudi kutoka mtoni akitembea kama mama wa bwana harusi.

Mwezi mmoja baadaye ililetwa barua ya wakili. Ilikuwa na lugha nzuri. Iliwashukuru wapangaji wote kwa ushirikiano wao na kwa namna walivyoyatunza mazingira, ikawapa siku tisini. Kabla ya siku hizo kwisha, nyumba ya jirani nayo ilikuwa imepata mgeni, na ya pili yake, mpaka upande mzima wa mtaro. Kila mgeni alikuwa ameambiwa na mwenzake kwamba kule ni kukavu.

Uani paligeuka mahali pa maneno. “Ulimi wako huo, Siwema,” wakamwambia. “Ulikuwa unatafutiwa mahari?” Wa kwanza kuhama alihama bila kuaga, na katika nyumba ile hilo lilikuwa halijatokea. Mwakitalu alirudi Tukuyu alikotoka kijana, akakuta hakuna anayemfahamu ila kwa jina la baba yake. Alimwachia Siwema jozi ya ndala alizozishona upya, hakusema neno kuhusu mstari wa tope, na huko kutosema kulimuuma Siwema kuliko yote aliyoambiwa. Mama wa yule mtoto alikaa mpaka siku ya tisini, mpaka mabati yalipoanza kuvuliwa juu ya kichwa chake, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine ambapo mtoto wake aliwahi kuwa.

Siwema alipata chumba mbali, lami ilipoishia, kwa watu wasiojua kwamba aliwahi kuwa na mume. Aliwasalimia kila asubuhi, nao waliitikia. Alifagia uwanja siku isiyo yake ili waone. Walimshukuru. Umri wake haukuwa tena wa kuanza watu upya.

Pale bondeni liliota ghorofa. Nalijua, kwa sababu nimelifikia. Rafiki yangu amepanga ghorofa ya sita, alinialika kahawa, nikakaa kwenye kibaraza chake nikiangalia miarobaini kutoka juu, nikasifu upepo, nikasifu ukavu wa mahali. Nilisema ni bahati kubwa kupata pakavu hivi karibu na mjini. Nina tabia ya kusifu kila ninachopewa bure. Hadithi ya nyumba ya vyumba sita niliisikia baadaye, na kahawa ile mpaka leo haijanitoka kooni.

Siku moja Siwema alikuja mjini kutazamwa macho katika zahanati yake ya zamani, kwa kuwa kule anakokaa hakuna. Alipotoka, miguu ikampeleka. Alikuta ukuta mrefu na geti la chuma, na getini askari kijana, mwenye shati safi na daftari la wageni. Alimsalimia Siwema shikamoo kama mtu aliyelelewa.

“Unakwenda kwa nani, mama?”

Siwema alifungua mdomo. Jina la kwanza lililomjia lilikuwa la mumewe. Yaliyofuata yalikuwa ya Mwakitalu, na ya yule mama, na ya mwanawe, na ya wote wa ule msaragambo. Aliyajua majina ya watu wa bonde lile kuliko mtu yeyote aliye hai, na hakuna hata moja ambalo lingeandikika katika daftari lile.

“Kwa mwenye nyumba,” akasema mwishowe. “Alishakula kwangu.”

“Anaitwa nani?”

Siwema hakujua. Walimpokea, wakamlisha, wakamtembeza, wakamsindikiza mpaka garini, na hakuna mmoja wao aliyeona ni adabu kumuuliza mgeni jina lake.

Kijana alisubiri na kalamu mkononi, hakumharakisha. Nyuma ya geti honi ikalia kidogo, kwa ustaarabu.

“Basi sogea pembeni, mama yangu,” askari akasema. “Kuna gari linatoka.”

Siwema akasogea.

Mnataka sasa niwaambie nyumba ni nini, na mtaro, na chokaa, na yule bwana wa viatu mlangoni. Siwaambii, maana mnajua, na wengine wenu mmekuja hapa na magari yaliyotoka katika geti lile, kama mimi nilivyowahi kutoka. Nijibuni hili moja tu: katika yote aliyoyafanya Siwema, ni lipi ambalo sisi hatuwafundishi watoto wetu kulifanya?