Mrina Asali na Mke Aliyetapika

Kisa kinabisha hodi, wajukuu! Kiitikieni kwa nguvu, msinong'one kama wagonjwa.

Zamani, misitu ilipokuwa mipana kuliko nchi za watu, aliishi mrina asali jina lake Mihambo. Alimwoa Nyamizi, wakapendana. Mwezi wa nne wa ndoa yao Mihambo akarudi kutoka porini ananuka moshi wa mizinga, akaingia ndani. Nyamizi akatoka mbio, akatapika.

Kesho yake, vilevile. Mihambo akaoga, akajisugua kwa mchanga mpaka ngozi ikawaka. Akaingia. Nyamizi akatoka, akatapika.

"Mke wangu, nimekukosea?"

"Hapana."

"Basi nini?"

"Siwezi kusema."

Wewe unayecheka, tulia! Enzi hizo mwanamke hakutaja mimba yake ya kwanza. Aliitangaza shangazi yake, yeye tu. Akitangulia mwingine, walisema itatoka. Na shangazi alikaa mwendo wa siku mbili! Hata mama yake Mihambo alijua, akauma ulimi. Upuuzi mtupu. Mihambo peke yake hakujua kitu.

Kaka yake, Kapufi, akampasulia: "Huyo kakukinai, bwana. Mrudishe kwao."

Mihambo akajitwika mkeka na vyungu vya mkewe, wakaondoka. Asubuhi ya pili, kabla hajainuka, Nyamizi alitafuna kipande cha muhogo mkavu. Njiani akafyonza ukwaju, kidogo kidogo. Hakutapika! Mihambo akafurahi, akamsogelea. Nyamizi akatapika.

"Kumbe ni mimi kweli," Mihambo akawaza, machozi yanamtoka. Mbona basi anamtazama kwa huruma? Mbona anamwita jina kwa upole? Hakuelewa.

Wakafika kwao Nyamizi, kwa shangazi.

"Nimemrudisha, shangazi. Hanitaki. Nikimkaribia anatapika."

Shangazi akamtazama Nyamizi machoni, kisha tumboni, akapiga kigelegele. "Hanitaki, hanitaki! Ana mimba, we baba! Na hilo shuka lako la kurinia umelivaa siku ngapi?"

Mihambo akatua vyungu. "Kwa hiyo... hunichukii?"

"Nakupenda, Mihambo," Nyamizi akasema, kaziba pua. "Lakini simama kule."

Akasimama kule, anacheka na kulia. Shuka likachomwa. Na mke akarudi kwake, si kwao.

Tangu hapo, wake wa nchi ile wakaisema mimba wenyewe, wala haikutoka. Basi, kinachokusumbua kiseme. Usichokijua, waulize wanaokijua, usimuulize Kapufi.

Nilivyosikia ndivyo nilivyosema. Aliyesinzia, shauri yake.