Kenge Aliyekalia Ruta

— Paukwa.
— Pakawa.
— Pakawa na waya.
— Uvute, masikio yako huku.

Jumanne, saa mbili kasoro robo asubuhi, Mzee Kenge alipanda juu ya ruta, akaikalia. Mambo yalianzia hapo.

Bondeni kulikuwa na mitaa mitatu: Kanga vichakani, Pimbi mwambani, Kindi mitini. Kila mtaa ulikuwa na mtandao wake, na wenyeji wakisikizana wao kwa wao. Ruta ilikuwa moja tu, kisanduku chenye matundu matatu, kinachopokea neno la mtaa huu na kulipeleka mtaa ule. Kindi akimwona mwewe, hupiga hodi; hodi hupita kwenye ruta, na Mama Kanga huficha wanawe.

Kenge akasema hodi haipiti bure. Hodi, yai. Hodi, yai. Mama Kanga akatoa, akatoa, mpaka akabaki na kiota kimoja, na mwewe bado anazunguka.

Bi Nguchiro, fundi aliyezitandaza nyaya zile, aliyahurumia mno mayai. Kila akiyawaza, mate yalimjaa kinywani.

Alhamisi alimwambia Mama Kanga asibanduke kiotani kutwa nzima, maana siku hiyo hodi ya mwewe isingemfikia. Akaenda nyuma ya kichuguu, zinakopita nyaya za mitaa yote, akazifunga pamoja, nywi, nywi, nywi. Kisha akamwendea Kenge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Yai liko wapi?"

"Mkubwa mzima unangoja kuletewa? Piga hodi mwenyewe. Kila hodi itakayorudi ina yai lake."

Kenge akapiga hodi kwenye tundu la Kanga. Ikatoka moja, zikarudi mbili, kupitia tundu la Pimbi na la Kindi. Kazi ya ruta ni kupitisha, nayo ikazipitisha. Zikarudi nne. Zikarudi nane. Kenge akakimbilia tundu hili, kinywa wazi, pu-pu-pu, hakuna yai. Akakimbilia tundu lile, pu-pu-pu, hakuna yai.

"Hodi hizi," akasema akihema, "mbona zina sauti yangu?"

"Wanakuiga kwa heshima, mzee."

Adhuhuri ilimkuta ulimi nje. Kufika alasiri hodi zilikuwa zinavuma kama nyuki, na Kenge akajitupa mtoni, chubwi, asionekane tena. Bi Nguchiro akafungua fundo lake. Kukawa kimya, kisha bonde zima likamshangilia.

Ijumaa asubuhi Bi Nguchiro aliamka mapema, akaoga, akapanda juu ya ruta, akaikalia. Mama Kanga alipokuja kushukuru, akamweleza kwa upole kwamba ada ya Kenge imefutwa.

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Amina. Imebaki ya fundi tu. Na yai lisiwe viza."

Waya wangu umeishia hapo. Aliyesikia ampitishie mwenzake. Na funzo, wanangu, ni kwamba tamaa haifai hata kidogo. Mwulizeni Bi Nguchiro, atawaeleza vizuri akishamaliza kula.