Banda la Bangi la Nakijwa

"Nataka mtamba! Mtamba mmoja wa ng'ombe, mzima, anayetembea kwa miguu yake, na sitaki kusikia habari ya mbuzi!"

Hivyo ndivyo alivyofoka Nakijwa asubuhi ile, amesimama nyuma ya jiko lake, kanga ameikaza kiunoni. Mbele yake wamekaa watu watatu, na hao watatu ndio aliowapenda kuliko wote katika mji ule: mama yake mzazi, mdogo wake wa kiume, na jirani yake. Hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Sogeeni, niwape chanzo chake. Msinikatize, maswali yapo mwisho.

Hapo zamani, wala si ile zamani ya majitu, palikuwa na mji mmoja wa tambarare. Milima iko pale mbele ya macho, ya kijani, na mvua inaishia hukohuko juu. Huku chini ni jua. Ukisahau ndoo ya bati uani asubuhi, adhuhuri huishiki kwa mkono mtupu.

Mtawala wa nchi ile alikuwa ameikataza bangi miaka mingi. Kisha akalegeza kidogo: mwenye mgonjwa aruhusiwe kuiotesha kwa ajili ya dawa. Lakini kwa masharti. Ioteshwe ndani ya kitalu nyumba, yaani banda la nailoni. Kitalu kifungwe kwa kufuli. Kamba za mapazia yake ya pembeni zifungiwe ndani, mtu wa nje asizifikie. Na mwenye kitalu akisafiri, ufunguo akae nao jirani, mtu asiyekula naye chungu kimoja. Ukivunja sharti, miche inang'olewa na kibali kinafutwa.

Nakijwa alikuwa na binti, Navoneiwa, wakimwita Vone. Vone alikuwa na kifafa. Vidonge vilimsaidia, kisha vikaacha kumsaidia. Akianguka jikoni, anaungua. Akianguka kisimani, wanamvuta kwa nguo. Daktari akaandika kibali cha mafuta ya bangi. Nakijwa akaenda kuyaulizia mjini, akaambiwa chupa za mwaka mmoja bei yake ni ng'ombe.

"Sina ng'ombe," akasema. "Ila nina uwanja wa nyuma."

Akajenga mwenyewe. Miti akakata mwenyewe, nailoni akainunua kwa vibarua vya kupalilia mashamba ya watu. Hakufundishwa na mtu. Miche ya kwanza ikababuka. Ya pili ikaoza mizizi. Ya tatu akawa ameshaelewa: kwenye joto lile kinachoua ni hewa iliyosimama. Akaweka mapazia ya kukunja pembeni, upepo upite. Akatundika magunia ndani, yanayoloweshwa kila adhuhuri, upepo ukigusa gunia bichi unapoa. Miche minne ikashika. Ikamfika kifuani, ikatoa maua yenye gundi, na harufu yake ukiwa barabarani inakuita kwa jina.

Na nailoni ile aliipenda! Siku moja mdogo wake, Mbonea, aliegemeza jembe pale. Nakijwa alimtimua mpaka barabarani. "Atakayeichana nailoni yangu, nami nitamchana yeye!" Majirani wakacheka. Yeye hakucheka.

Basi, miche ikiwa imekaribia kuvunwa, hospitali kubwa ikamwita Vone akapimwe. Nakijwa akafunga mzigo, akagawa kazi.

Akamwambia mama yake, Bibi Nanzia, "Mama, wewe mapazia. Asubuhi kunja, jioni shusha."

Akamwambia Mbonea, "Wewe maji. Adhuhuri lowesha magunia. Hayo mapipa mawili usiyaguse kwa kazi nyingine."

Akamwambia jirani yake, Mzee Kadiva, "Baba, wewe ufunguo. Wakiuhitaji wape, wakimaliza upokee."

Wote wakaitikia. Akapanda gari, akaenda.

Hakufika mbali, mke wa Mzee Kadiva, Nambua, akafa. Alilala mzima, asubuhi hakuamka.

Siku ya kumzika mji ukajaa pale. Turubai likafungwa uani kwa Kadiva, ukingo wake ukagusana na ua wa Nakijwa. Wakaja wa milimani, wakaja wa tambarare, akaja mchungaji. Na upepo, bila haya, ukachukua harufu ya maua yale ukaipeleka moja kwa moja chini ya turubai. Watu wakaanza kukunja pua. Mmoja wa milimani akauliza, na sauti yake haikuwa ndogo, "Jamani, hapa tunazika au tunavuta?"

Vijana wakaangua kicheko. Mzee Kadiva akainamisha kichwa.

Bibi Nanzia akasikia aibu mpaka kwenye mifupa. Akamwendea Kadiva, akaomba ufunguo bila kusema wa nini, akaingia kwenye kitalu, akashusha mapazia yote, akakaza kamba. Akafunga mlango, akamrudishia ufunguo mkononi. Kadiva akautia mfukoni.

Huku nyuma, akina mama wa kupika wakaishiwa maji. Na desturi ya pale ni hii: penye msiba maji hayaombwi. Aliye nayo anayatoa kabla hajaulizwa. Mbonea akaviringisha pipa la kwanza, likaisha. Akaviringisha la pili.

Jua likapanda.

Mbonea akakumbuka magunia wakati jeneza limeshatoka. Akakomba kilichobaki kwenye mapipa, akapata ndoo moja, akakimbilia kitalu. Kufuli. Akachungulia: mapazia yako chini, na nailoni yote imejaa jasho kwa ndani. Akaiweka ndoo chini, akakimbia makaburini. Akamkuta Mzee Kadiva amepiga magoti, anamwaga udongo juu ya mkewe. Mbonea akasimama nyuma yake. Akafungua mdomo, akaufunga. Utamwambiaje mtu toa mkono kwenye kaburi la mkeo unipe ufunguo wa bangi?

Akarudi kitaluni na kisu. Akakishika. Akaitazama ile nailoni. Akakirudisha kisu kiunoni.

Walipotoka makaburini na kufungua, miche yote minne ilikuwa imelala kama mchicha uliotoka chunguni.

Hicho ndicho alichokikuta Nakijwa aliporudi na mtoto. Hakulia. Alimwita mjumbe wa nyumba zile, akawaweka watu wake watatu chini, akadai mtamba.

Kwa nini mtamba? Kwa sababu ndiyo bei ya dawa mpaka miche mingine ikomae. Na kwa nini wasichange? Kwa sababu pale fidia ya mgonjwa haichangwi. Inatoka zizi moja, mwenye kosa ajulikane. Wakiichanga, kila mmoja anarudi kwake akidhani kosa ni la mwenzake.

Na kila mmoja alikuwa na mtamba, na alikuwa na huyo tu. Wa Bibi Nanzia karibu azae, na maziwa hayo ndiyo uzee wake. Wa Mbonea ni wa mahari, mchumba amengoja siku nyingi, na baba wa mchumba ameshaanza kuuliza. Wa Mzee Kadiva ni wa kuvunjia matanga ya Nambua, na bila mnyama huyo watu wa ukoo wa mkewe wangesema binti yao amezikwa kama mpita njia.

Mjumbe akasema, "Haya, semeni."

Bibi Nanzia akaanza. "Mimi nilishusha mapazia, sikatai. Nilimsitiri marehemu. Ulitaka azikwe huku watu wanacheka? Na magunia yangeloweshwa, miche ingevumilia mpaka jioni. Umeniambia mwenyewe, Nakijwa."

"Nilikuambia, mama. Nilikuambia pia ushushe jioni."

Mbonea akasema, "Mimi nilitoa maji, sikatai. Ulitaka waombolezaji wale ugali mkavu, kisha waseme kwa Nakijwa kuna maji ya bangi, hakuna maji ya msiba? Na mapazia yangekuwa wazi, upepo ungeshika zamu mpaka niende bombani."

"Upepo ushike zamu! Upepo ndiye niliyemwajiri?"

"Dada, sijamaliza." Mbonea akanyanyuka. Kijana mpole yule, siku hiyo alipaza sauti. "Nilikuwa na kisu. Ningepasua nailoni, hewa ingeingia, miche ingepona hata bila ufunguo. Nilikishika kabisa. Niambie wewe, kwa nini sikupasua?"

Nakijwa akafungua mdomo.

"Hapana, sema. Nani alinitimua mpaka barabarani kwa jembe tu? Nani alisema atanichana? Niliogopa jua kidogo, dada. Wewe nilikuogopa zaidi."

Nakijwa alijua kupayuka, alijua kudai, lakini hakujua kusema uongo.

"Nilisema," akajibu. "Maneno ni yangu."

Mjumbe akamgeukia Kadiva. "Mzee, wewe hatukuulizi. Umefiwa."

"Niulizeni," akasema Mzee Kadiva. "Mnadhani nilisahau. Sikusahau. Nilipopiga magoti, ufunguo ulinichoma pajani. Nikajua ni wa nini. Nikamwona Mbonea kivuli chake kinacheza juu ya udongo, nikajua amefuata nini. Ningeweza kuutoa bila hata kugeuka. Sikutaka kuutoa mkono pale. Basi. Mama Vone, mchukue mtamba wangu."

Bibi Nanzia akapiga kelele, "Mtamba wa matanga! Nakijwa, ukimchukua huyo, wangu akizaa maziwa yake hutayaonja!"

Nakijwa alikuwa hajajibu, ndani ya nyumba kukasikika kishindo. Vone.

Wakainuka wote, na hakuna aliyemwelekeza mwenziwe. Mbonea akasogeza kigoda na sufuria ya moto. Bibi Nanzia akakunja kanga, akaiweka chini ya kichwa cha mtoto. Mzee Kadiva akamlegeza vifungo vya shingoni, akamlaza ubavu, akawa anasema polepole, "Ni sisi, mama, ni sisi." Nakijwa akashika mkono. Mtoto akatikisika, akatikisika, akatulia. Akafumbua macho, akawatazama wote wanne, akaomba maji.

Walipotoka nje tena, mjumbe akapangusa macho akasema, "Mimi nimeshindwa," akaenda zake.

Nakijwa akabaki na watu wake watatu. Hasira ilikuwa imemwisha, na hilo ndilo lililomtisha, maana hasira ndiyo iliyokuwa inamsaidia kuomba.

"Mama," akasema, "ulimsitiri maiti. Mbonea, uliwanywesha waombolezaji. Baba Kadiva, ulimzika mkeo. Na mimi, mdomo wangu ndio uliozuia kisu. Nisingekuwa mkali, miche ingekuwa hai. Nimo, sijitoi. Lakini zizi sina."



Sasa nanyi mlionyamaza tangu mwanzo, semeni. Msiniambie wote walikuwa na nia njema, hilo nimewaambia mimi. Msiniambie wasameheane, walikwishasameheana kabla mtoto hajamaliza kunywa maji. Aliyeshusha mapazia, aliyetoa maji, aliyeushikilia ufunguo, au aliyewatia woga: je, nani mwenye kosa? Na kama mnasema ni yule asiye na zizi, basi Vone alipwe na nani?

Vone bado hana chupa. Toeni mtamba.