Kiti Kilichoendesha Saa

Hapo zamani, katika mji wa Mtangamwe, palikuwa na mkereza mmoja jina lake Shaibu, fukara asiye na hata kilemba cha Idi, naye aliunda saa kwa mbao tupu. Shaba ilimshinda bei. Basi magurudumu akayachonga kwa mninga, meno yake kwa mpingo, akaning'iniza jiwe kwa kamba, nalo likishuka polepole ndilo lililoyazungusha. Watu walimcheka, wakasema Shaibu amefungia mchwa kabatini na kuwafundisha adabu. Lakini saa ilikwenda, ikagonga, wala haikukosea. Akaitoa zawadi kwa baraza la Sultani.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kwa maana Sultani Shekuwe alikuwa na desturi ya kuwaita wenye mashtaka saa mbili ya asubuhi, na yeye mwenyewe kushuka karibu na adhuhuri, akisema, "Tumewahi, alhamdulillahi," na mawaziri wakiitikia, "Umewahi, Bwana." Sasa ikawa kila asemapo hivyo, saa yagonga tano nyuma ya kisogo chake, na watu hutazama chini wasionekane wakicheka.

Basi akamwita Shaibu.

"Ewe mkereza, saa yako yanisengenya mbele ya raia."

"Haina ulimi, Bwana. Ina meno tu."

"Usinichezee! Nataka saa ambayo kwayo mimi sitachelewa kamwe. Usipoileta kabla ya baraza la Jumatatu, utahama mji huu, wala usirudi."

Mke wa Shaibu alikuwa amezikwa mwaka ule nyuma ya karakana, naye kila asubuhi alikwenda kumwamkia kabla ya kushika keekee yake ya kutobolea mbao. Hakuwa na kitu kingine cha kumzuia mjini pale; na hicho kilitosha.

"Nitaileta, Bwana," akasema. "Ila ikishakuja, nani ataifuata?"

"Wote! Tangu mpishi hadi mimi mwenyewe. Hakuna atakayekula jumbani humu kabla haijagonga sita. Waziri, piga mbiu!"

Mbiu ikapigwa. Shaibu akaliondoa lile jiwe. Akakitwaa kiti cha enzi, akakifunga kamba, akazipitisha katika kapi darini hadi kwenye magurudumu, kiti kikabaki kikining'inia juu kama lile jiwe, kisha mshale akausimamisha penye saa mbili, akaondoka.

Siku ya Jumatatu Sultani akashuka jua likiwa utosini. Akaketi. Kiti kikavuta kamba, magurudumu yakaamka, saa ikagonga mbili.

"Umewahi, Bwana," akasema Shaibu, na safari hii ilikuwa kweli.

Sultani akafurahi mno, akasikiliza shauri moja, akapiga makofi aletewe chakula.

Mpishi akaja mikono mitupu. "Haijagonga sita, Bwana."

Sultani akainuka kwa ghadhabu, saa ikasimama. Akaketi, ikaenda. Akaenda kusali, akarudi, akaikuta pale pale alipoiacha.

"Ina nini saa hii?"

"Yakungoja wewe, Bwana," akasema Shaibu. "Bila wewe haiendi. Utachelewaje?"

Basi akaketi, na kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine, akasikiliza mashtaka. Na kadiri alivyosikiliza, kiti kilishuka kidogo kidogo, hata alasiri miguu yake ikagusa mkeka, akawa uso kwa uso na Bi Mwanasha, mkulima wa muhogo.

"Punda wako wamemaliza shamba langu, Bwana."

"Mbona hukusema zamani?"

"Nilisema, baba. Lakini ulikuwa juu kule, mimi nikizungumza na viatu vyako. Vizuri, lakini havijibu."

Waziri, ambaye tumbo lilikuwa likimnguruma, akainama sikioni mwa Sultani. "Bwana, tuweke jiwe kitini, nasi twende tukale."

Shaibu akasikia. "Yawezekana, Waziri. Jiwe lenye uzito wa Bwana litaiendesha saa vilevile. Ila raia nao watajua kuwa jiwe latosha."

Sultani akamtazama Shaibu, akamtazama Waziri, kisha akaangua kicheko hata kamba zikalia darini.

"Mkereza, kaa mjini kwako! Na wewe Waziri, nenda ukawafunge punda, na muhogo wa mama huyu utaupanda kwa mkono wako."

Saa ilipogonga sita jua lilikuwa likizama. Sultani akala wali uliopoa, akamvika Shaibu joho lake, akaenda kulala mapema; naye Shaibu akakivuta kiti juu tena, akaurudisha mshale penye saa mbili.

Kulipopambazuka, watu wa Mtangamwe wakasikia saa ikigonga mbili, nao uji wangali nao vinywani. Wakaja mbio, wakidhani wamechelewa. Wakamkuta Sultani ameketi peke yake, ameshashuka kidogo, akiuliza, "Nani wa kwanza?"